Rula ya Saa Moja Asubuhi

Saa moja asubuhi mitumbwi ya ndagala inarudi Bujumbura, taa zimezimwa, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa bado ni kivuli tu. Upepo haujaanza. Huo ndio wakati mzuri wa kusoma rula ya kima cha maji.

Rula yenyewe haina makuu: bati refu lililopigiliwa kwenye nguzo ndani ya maji, limechorwa sentimita kwa sentimita, na tarakimu kubwa kila baada ya kumi. Asubuhi moja nilimfuata mzee aliyekuwa ameifanya kazi ya kuisoma kwa miaka mingi, nikitaka kuona ugumu wake uko wapi, maana nilidhani mtoto wa shule angeiweza. Alishuka mpaka macho yake yakakaribia usawa wa maji, kwa sababu anayesoma akiwa juu ukingoni huitazama rula kwa mshazari na kupata namba isiyo ya kweli. Kisha akanyamaza. Viwimbi vilikuwa vinapanda na kushuka kwenye bati, labda kwa upana wa vidole vinne. Aliangalia kimoja kinapofika juu kabisa, akaangalia kinapofika chini kabisa, akarudia mara tano au sita, akatafuta katikati yake. Akaandika papo hapo, na saa akaiandika pia.

Nikamuuliza, "Mzee, jana ilikuwa ngapi?"

"Ya jana iko ukurasa wa nyuma, mwanangu. Sikuifungua kabla ya kusoma ya leo."

Nilichukua muda kuelewa. Ukiijua namba ya jana, jicho linaanza kuitafuta, na viwimbi vitakupa chochote unachokitafuta. Ilimbidi aje kila siku kama mtu asiyelijua ziwa hata kidogo, ilhali alilijua kuliko wengi.

Kuna adabu nyingine ambayo naistahi zaidi. Msomaji akiugua, au mvua ikimzuia, siku ile huachwa tupu daftarini. Kishawishi cha kujaza ni kikubwa: juzi ilikuwa 42, leo 44, basi nani atakataa kwamba katikati ilikuwa 43? Lakini wanaozipokea namba hizo ofisini huzitambua za kubuni. Zinapanda taratibu mno, au zinapenda kuishia na sifuri na tano. Ziwa halina mapenzi hayo. Pengo la kweli linaweza kushughulikiwa kwa hesabu. Namba ya uongo inaichafua hata ile ya kweli iliyo jirani yake.

Mtu anaweza kucheka kwamba hayo yote ni kwa ajili ya sentimita moja. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi. Sentimita moja juu ya eneo hilo ni kama mita za ujazo milioni 329 za maji. Huo ndio uzito wa kosa la mtu aliyesoma akiwa amesimama.

Na historia ya ziwa hili ni historia ya watu waliotazama mara moja wakaondoka. Mwaka 1858 wasafiri Burton na Speke walifika Uvira wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia unaingia, nao wakarudi bila kuuona. Wenyeji walijua, bila shaka, kwa kuwa walikunywa maji yake kila siku. Mpaka Novemba 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipopiga makasia hadi mlangoni pa Rusizi na kuona kwa macho yao mkondo ukisukuma kuja ziwani. Pale Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, liko jiwe la kukumbuka safari yao.

Kichekesho kikubwa zaidi kiko ng'ambo, kwenye mto Lukuga, mlango pekee wa maji kutoka. Msafiri Cameron aliufikia mwaka 1874 akasema maji yanatoka. Stanley alifika mwaka 1876 akakuta mafunjo na matope, akasema hayatoki. Hore wa misheni ya London alifika mwaka 1879 akakuta mto unakwenda kwa nguvu. Ulaya wakabishana nani kasema uongo. Hakuna aliyesema uongo. Ziwa lilikuwa limepanda nyuma ya kizuizi cha mchanga na majani, kizuizi kikapasuka mwaka 1878 hivi, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Wangemwacha mtu mmoja na mti wenye alama, kila asubuhi, ubishi ungekwisha kabla haujaanza.

Kima cha maji ni nusu tu ya kazi. Rusizi unatoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukafika kwetu umeteremka karibu mita 700, na njiani umebeba udongo wa nchi tatu. Kuupima mto wa namna hiyo ni kuugawa kwanza. Wapimaji hutandaza kamba iliyotiwa alama kutoka ukingo hadi ukingo, kisha kwenye kila alama huteremsha kifaa chenye pangaboi dogo na kuhesabu linazunguka mara ngapi kwa dakika moja hivi. Hawakiweki juu ya maji, ambako mkondo una mbio, wala chini kabisa, ambako unakwaruzana na mchanga. Hukishusha sehemu sita kati ya kumi za kina, kuanzia juu, kwa kuwa hapo ndipo kasi hukaribia ile ya wastani. Kina mara upana mara kasi, kipande kwa kipande, halafu wanajumlisha. Asiye na kifaa hutupa kijiti na kutembea nacho ukingoni akihesabu sekunde, kisha anapunguza kama asilimia kumi na tano kwa sababu kijiti kimepanda lile tabaka la juu lenye haraka.

Wakishapima hivyo mara nyingi, mto ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, wanachora mchoro unaofunga ndoa kati ya rula na mtiririko. Tangu hapo msomaji akileta sentimita tu, ofisi inajua ni mita ngapi za ujazo zinapita. Tatizo ni kwamba Rusizi haukai na ndoa hiyo. Furiko moja linachimba sakafu au kuijaza mchanga, na mchoro mzima unapaswa kuanzwa upya. Nawaonea wapimaji huruma kidogo.

Anayeingia majini kupima ana sheria za kumlinda, na mvuvi yeyote angezitambua. Husimama ubavu kuelekea mkondo, miguu imeachana, hatua ndogondogo, mguu mmoja haunyanyuki mpaka mwingine umeshika. Kamba hajifungi kiunoni, kwani akiteleza, kamba hiyohiyo itamzamisha. Halafu kuna hesabu wanayoifanya kichwani: kina kwa mita mara kasi kwa mita kwa sekunde. Jibu likikaribia 1, rudi ukingoni. Maji ya nusu mita, yaani ya magotini, yakienda mita mbili kwa sekunde tayari yamefika. Wengi hawaamini kwamba maji ya magotini yanaua, lakini kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne.

Mvua nzito zilizoanza mwishoni mwa 2019 ndizo zilizowafanya watu wa mjini wajifunze lugha ya wapimaji. Mwaka 2020 Rusizi uliingia eneo la Gatumba, na maelfu wakahama na magodoro kichwani. Ziwa nalo likapanda, na Lukuga uliojaa mchanga haukuweza kulipunguza upesi. Ghafla hata wauza samaki wa mukeke walikuwa wakitaja namba: mita 776 juu ya bahari, kisha karibu 777. Mwaka 2024 maji yalipopanda tena, yakaingia hadi bandarini, wazee wakasema hawajaona kitu kama hicho tangu 1964. Wangewezaje kulinganisha, kama si kwa sababu mwaka 1964 mtu alishuka, akatazama, akaandika? Setilaiti zinapima maziwa kutoka angani tangu 1992 na zinafanya kazi nzuri, ila hazina la kutuambia kuhusu miaka ya nyuma yake. Na zile mita 150 za ufukwe ambazo sheria ya maji ya 2012 ilikataza kujengwa zilikuwa zimesahauliwa katika miaka ambayo ziwa lilikaa chini.

Ziwa, hata hivyo, lina huruma. Linatoa taarifa kwa miezi. Mito Ntahangwa na Muha haitoi. Mito hiyo inaanguka kutoka milimani na kufika mjini upesi, na mvua ya milimani jioni ni gharika ya mjini usiku uleule. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama na jirani zake, ilipoteza watu zaidi ya 60. Rula inayosomwa saa moja asubuhi ingekuta maji yameshapungua. Kwa mito hiyo wapimaji hutumia bomba lenye mti ndani na unga wa koki: maji yakipanda, unga unaelea, yakishuka, unabaki umeganda kwenye mti palepale yalipofika. Unasoma asubuhi kilichotokea usiku. Lakini hilo ni la kuandika historia, si la kuokoa mtu.

Wachimba mchanga wa Ntahangwa wana la kwao. Nimewatazama nikiwa darajani. Hakuna anayechimba akiwa ameipa mgongo milima. Mkubwa wao, kabla hajashika koleo, alichomeka kijiti pale hasa maji yalipoishia, kikavu, akaweka kokoto juu ya ndara zake karibu nacho. Mjini jua lilikuwa linawaka. Baada ya saa moja na ushei maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, majani makavu na povu vikaanza kupita, na kijiti kilikuwa kimelowa. Hakupiga kelele. Alichukua ndara zake, akapiga koleo mara mbili kwenye jiwe, na wote sita wakapanda ukingo wakiacha lundo la asubuhi nzima.