Ufuta na salfa: kazi mbili, mwezi mmoja

Mwezi wa sita kata ya Bungu ina mgongano usiouona ukipita na basi la Lindi. Ufuta umekomaa, na mikorosho inaanza kutoa maua, nayo yanadai kupulizwa salfa. Kazi zote mbili zinadai watu walewale, na wapo wanaoukimbilia ufuta kwa hoja moja: hela yake iko karibu. Hesabu hiyo ina kasoro.

Chukua mkulima mwenye mikorosho 100 na ekari mbili za ufuta. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, mikorosho hiyo inakaa kwenye ekari tatu na nusu hivi. Salfa ya unga ni gramu 250 kwa mti, yaani mfuko mzima wa kilo 25 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko unarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa maua. Ukiuruka, ugonjwa wa ubwiriunga unakamata maua, na ua lililokauka halina korosho tena. Lakini tazama saa yake: salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande wa kushika unga na upepo umetulia. Jua likipanda na upepo ukianza, unampulizia jirani.

Ufuta nao hauna subira. Majani ya chini yakishapukutika na maganda ya chini kubadilika rangi, siku zake zinahesabika. Maganda yakipasuka, mbegu zinamwagika mchangani na hakuna wa kuziokota. Ila ukishaukata, ukafunga matita na kuyasimamisha juu ya turubai, yatakaa hapo wiki mbili yakikauka bila hasara kubwa. Cha haraka, basi, ni kukata; kupiga kunangoja. Hapa ndipo watu wanapokwama: wanakata kipande, wanapiga, wanapepeta, wanakimbiza gunia ghalani, huku uliobaki unapasukia shambani. Na gunia hilo la haraka haliwahishi kitu. Ufuta, kama korosho, unauzwa kwa stakabadhi ghalani: AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inakusanya, mnada unafanyika, mnunuzi analipa, ndipo fedha inaingia benki.

Ratiba inayotekelezeka inajipanga yenyewe kwa saa. Alfajiri ni salfa. Kuanzia saa tatu asubuhi watu walewale wanahamia kukata ufuta. Kupiga na kupepeta kunasogezwa kwenye siku zilizo kati ya mzunguko mmoja wa salfa na mwingine. Palizi ya chini ya mikorosho, ile inayofanya korosho zilizodondoka zionekane, ingoje mwezi wa tisa. Hela ya ufuta ndiyo itakayowalipa vibarua wa palizi hiyo. (Wenye mashamba wanaolima kwa simu kutoka Dar es Salaam hupenda kuagiza palizi kwanza, maana shamba safi linapendeza kwenye picha.)

Hata hivyo ratiba haizalishi mikono. Watu wawili wakishindwa kumaliza salfa ya miti 100 kabla upepo haujaanza, kisha kukata ekari mbili kwa wakati, kuwaambia wajitume zaidi ni kujidanganya. Uamuzi wa kweli hufanyika wakati wa kupanda, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mwenye mikono michache apunguze ekari za ufuta wakati huo, au apande kwa awamu mbili zilizopishana wiki kadhaa. Mzunguko wa salfa usiguswe.