Maana za Neno "Maendeleo"

Miongoni mwa maneno yaliyoenea katika lugha yetu tangu Uhuru, ni machache yatamkwayo mara nyingi kama neno "maendeleo." Limo katika hotuba, katika mipango, na katika majina ya kamati kuanzia kata hadi taifa. Wengi hulitumia, wachache hulipima. Yafaa basi tulipime.

Shina lake ni kitenzi "enda." Aendeleaye ni yule asiyekoma kwenda, lakini kitenzi hakisemi anakwenda wapi. Ndiyo maana mkulima huendelea kupalilia, mvua huendelea kunyesha, na ugomvi nao huendelea. Wahenga walituonya kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: mtu aweza kutembea chombo kizima asifike po pote.

Katika maisha ya kila siku maana hii haijapotea. Mwenye mgonjwa huulizwa, "Anaendeleaje?" naye hujibu vizuri, vibaya, au vile vile. Mwalimu naye hujaza taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi, na hasiti kuandika kwamba maendeleo hayo ni hafifu. Hapa neno linakubali jibu baya, na kwa hiyo jibu zuri lina thamani.

Katika mambo ya umma, neno hilo hilo limepewa maana ya sifa tupu. Tukisema kijiji "kimepata maendeleo," hapana nafasi ya kuuliza kama ni mazuri au mabaya. Twasema pia "nchi zinazoendelea," wala hatuulizi zinaendelea kufanya nini. Jambo likishaitwa maendeleo, anayelihoji huonekana mpinzani wa mema.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kulitafutia neno hili msingi. Lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi huo, likataja mambo manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu ndio waliotangulia. Hata hivyo, mwaka 1973 iliamriwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni walihama, na wengine walihamishwa kwa nguvu. Wengi walisogezewa shule na zahanati, na haifai kulikana jambo hilo. Lakini mtendaji wa kitenzi alibadilika. Watu waliotakiwa kuendelea wakawa watu wa kuendelezwa, kama kiwanja.

Euphrase Kezilahabi alilitazama jambo hili katika riwaya yake ya mwaka 1979, Gamba la Nyoka, inayohusu uanzishaji wa vijiji vya ujamaa. Jina lenyewe latufikirisha: nyoka ajivuapo gamba hung'aa, lakini angali nyoka. Mwalimu aisomeshaye riwaya hiyo hana budi kuwauliza wanafunzi wake ni nini kilichobadilika, ngozi au mwili.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini kipato hicho ni wastani, na wastani hauwezi kutuambia mama achotaye maji mbali anaendeleaje.

Hatusemi kwamba neno "maendeleo" liachwe. Twasema lirudishwe nyumbani kwake, kwenye lugha ya watu wanaojuliana hali. Kiongozi afikapo kijijini akaeleza maendeleo aliyoyaleta, ni haki ya wanakijiji kuulizwa kwanza, kama aulizwavyo mgonjwa, wanaendeleaje. Na ni wajibu wa muulizaji kungoja jibu, hata likiwa baya.