Kukikagua Kijahazi cha Mkono wa Fundi

Kabla hujauliza bei ya kijahazi cha mfano, muulize fundi: hiki ni chombo gani? Akijibu kwamba ni jahazi tu, kikague kwa tahadhari. Akisema ni jahazi la Lamu, au mashua, au bumu la Kuwait, amekupa kipimo cha kumpimia. Vyombo vya mbao vya Bahari ya Hindi havikuwa na umbo moja. Jahazi la Lamu lina hanamu, ule mti unaokata maji, iliyosimama wima pale omoni, mbele ya chombo, ilhali hanamu ya jahazi la Unguja imelala kwenda mbele, na yote mawili yana tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyokatwa bapa. Bumu limechongoka omo na tezi. Bagala ndilo lenye tezi pana iliyojaa nakshi na madirisha. Madukani utakuta omo la Lamu limeunganishwa na tezi ya bagala. Mikono imefanya kazi, lakini chombo cha namna hiyo hakijapata kuelea popote.

Ukishajua aina, liache tanga kwanza. Tanga jeupe na kamba nyingi huvuta macho, na mara nyingi huficha mwili mbovu. Omba ruhusa ukipindue, kishike usawa wa jicho kuelekea mwanga, utazame kutoka tezi hadi omo ukiufuata mkuku, ule mti mrefu wa chini uliobeba chombo chote. Mkuku uwe umenyooka. Ukipinda, au mwili ukiwa umejisokota, hakuna nakshi wala rangi itakayouponya. Kisha linganisha pande mbili: zipanuke mahali pamoja na zibanane mahali pamoja. Ukiwa na uzi, uvute kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi, upime kila upande kwa rula. Mafundi wa Matondoni kule Lamu na wa Nungwi kule Unguja wamezoea kuunda vyombo vikubwa kwa jicho, bila mchoro wa karatasi. Jicho hilohilo ndilo unalolitafuta kwa fundi wa vidogo, na halionekani wazi kokote kuliko hapa chini ya chombo.

Mbao za jahazi hupangwa ukingo kwa ukingo, bila kupandana, hata ubavu wa nje ukawa laini. Ubao mzuri huanza mwembamba omoni, hupanuka tumboni, hupungua tena kuelekea tezi, na hauna viraka vya kuziba kosa. Chungulia ndani kwa tochi ya simu uone mataruma, zile mbavu za ndani. Katika chombo kikubwa mataruma hutolewa kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, ya mkoko mathalani, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Fundi hodari wa vidogo hutafuta vijiti vilivyopinda hivyohivyo. Wako pia wanaochonga mwili mzima kutoka gogo moja na kuchora mistari ya mbao kwa ncha ya kisu. Kwa jahazi hiyo ni njia ya mkato, na bei yake iwe ya mkato. Kwa mtumbwi na ngalawa ni njia ya haki kabisa, kwa kuwa vyenyewe huchongwa kutoka gogo, mara nyingi la mwembe.

Uwiano huwaangusha hata wenye mikono mizuri. Tuseme fundi amefuata kipimo cha 1 kwa 20. Jahazi la mita 16 litakuwa na sentimita 80. Ubao wa upana wa sentimita 20 utakuwa na sentimita 1, na kamba ya unene wa sentimita 3 itakuwa uzi wa milimita moja na nusu. Baharia wa sentimita 170 atakuwa na sentimita 8 na nusu. Kata kijiti cha urefu huo ukisimamishe karibu na usukani. Je, mtu huyu angeufikia mkono wa usukani? Angeona mbele? Angeweza kulibeba pipa la maji alilowekewa? Kijiti hicho kitakufichulia makosa ambayo jicho tupu huyasamehe.

Hata nyuzi za mti zina kipimo chake. Mvule ni mbao ya kuheshimiwa katika ujenzi wa vyombo vikubwa, lakini vitundu vyake ni vikubwa mno kwa kibao cha milimita mbili. Mlimau na mchungwa, yenye nyuzi zilizobanana, hukatika safi na kushika makali ya ukingo. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Utumie kwa abedari, zile kapi za kupitishia kamba, lakini mwili wa chombo usiufanye kwa mpingo.

Sasa rudi kwenye tanga, na hapa usiwe na haraka. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Ukiuona umesimama kama nguzo ya bendera, au umelalia nyuma, aliyeutengeneza alikuwa anafuata picha za meli za Ulaya. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni refu kuliko mlingoti wenyewe, nalo huning'inia ubavuni mwake, ncha moja ikishuka karibu na omo na nyingine ikipaa juu kuelekea nyuma. Foromali lililopigiliwa msumari katikati, likakaa sawasawa kama msalaba, haliwezi kubeba tanga la pembe tatu. Ngazi za kamba za kupandia mlingoti, zile za manowari za Kizungu, pia hazina nafasi kwenye jahazi. Kamba zinazoushikilia mlingoti hufungwa upande wa upepo na huhamishwa chombo kinapogeuza, kwa hiyo lazima zifunguke. Mwombe fundi alegeze henza, kamba ya kupandishia foromali. Katika kazi ya bingwa, kamba itapita ndani ya abedari na foromali litashuka kweli. Demani, kamba ya kuvutia tanga, nayo ifike mahali ambapo baharia angeifunga, isiishie kwenye tone la gundi.

Ukitaka kumjaribu fundi kwa mtihani mgumu zaidi, muulize kama ameshawahi kuunda mtepe. Chombo hicho cha visiwa vya Lamu kilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kwa hiyo mtepe wenye tanga la kitambaa la pembe tatu umekosewa tangu mwanzo. Anayeuunda leo lazima awe amekwenda kutazama mifano iliyohifadhiwa, kama iliyomo katika Makumbusho ya Lamu, kwa kuwa vyombo vyenyewe vimetoweka baharini. Kwa bumu msaada upo tele. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar, na picha alizopiga safarini zinaonyesha kamba na mpangilio wa sitaha kwa uwazi.

Kuhusu rangi sina mengi. Mafuta yaliyopakwa kwa uchache huonyesha mbao. Vanishi nene huziba viungo, na yenye kung'aa sana nina desturi ya kuishuku. Macho ya duara ya pale omoni, yale yenye mwezi na nyota, yawe yamechongwa, na mkono wa mtu uonekane ndani yake. Nyufa ni jambo zito zaidi. Mbao ambazo hazikukauka hufunguka chombo kikitoka kwenye unyevu wa pwani na kuingia chumba chenye kiyoyozi, Nairobi au Maskati. Uliza mbao zilikaushwa kwa muda gani, na ukifika nyumbani kiweke mbali na upepo wa mashine na jua la dirishani.

Chombo kikishinda mitihani hii, kilipie bei aliyotaja fundi bila kuvutana, kwa sababu kazi ya namna hii humla mtu miezi. Kisha mwombe aandike chini ya mkuku jina lake, mahali alipokiundia, mwaka, aina ya chombo na kipimo alichofuata. Wengi hawaandiki mpaka waombwe. Mwombe.