Kuisoma "Kuli" Enzi ya Vibarua wa Simu

Kila Mei Mosi ikikaribia tunasikia maelezo yale yale: vyama vya wafanyakazi vimepoteza wanachama kwa sababu mashirika yalibinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini, na vijana wa leo "wamejiajiri". Eti huwezi kuunda chama cha watu wasio na mwajiri. Maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini nimeisoma tena Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979, na naona inayapinga kuliko hotuba yoyote ya uwanjani.

Wengi tunaikumbuka kama riwaya ya mgomo. Rashidi, kijana mchukuzi wa bandarini Unguja, anaishi na dhiki yake kama vile ni bahati yake mwenyewe, kisha anazinduliwa na wenzake, mpaka mambo yanafikia mgomo wa 1948. Wahakiki wameshaibandika jina la uhalisia wa kijamaa na kuirudisha kabatini. Mimi kilichonishika safari hii ni jambo moja dogo: makuli hawa walikuwa vibarua. Hawana mkataba wala pensheni. Unakwenda bandarini asubuhi. Kama kuna meli unaweza kuchukuliwa, kama hakuna unarudi nyumbani mikono mitupu. Ukiumia, kuna mwingine anasubiri nafasi yako. Kwa hesabu za leo, hao ndio watu wasioweza kuunganika. Na ndio waliogoma!

Wala si ndoto ya mtunzi. Januari 1947, Mombasa, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi, watu wa bandari wakiwa mstari wa mbele. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni Kabarnet. Septemba 1947 wakagoma makuli wa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja. Hakuna aliyewasubiri wapate kwanza ajira rasmi ndipo waruhusiwe kuwa na umoja.

Tuseme ukweli, Kuli ina kasoro. Mazungumzo yake mara nyingine yanageuka darasa: mmoja anafundisha, mwingine anaitikia, na msomaji unabaki kama mwanafunzi wa nyuma. Lakini hata darasa hilo lina kitu. Umoja hapa haushuki kutoka mbinguni. Unajengwa kwa maneno, mtu kwa mtu, baada ya kazi, na watu waliochoka. Mgomo wenyewe ni mavuno tu. Riwaya inatumia muda mwingi kwenye kilimo chake.

Sasa tazama mahali kitabu kilipochapishwa: Dar es Salaam, na Tanzania Publishing House, shirika la umma. Mwaka 1979 Tanzania Bara ilikuwa imepita miaka 15 bila chama huru cha wafanyakazi. Rashidi Kawawa, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa TFL, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 zilipopitishwa sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu muhali. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa ikaja NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Michael Kamaliza aliishika nafasi hiyo huku akiwa pia Waziri wa Kazi. Fikiria hapo: malalamiko yako unampelekea nani? Ikafuata JUWATA, jumuiya ya CCM. Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi, vyama vilimezwa na ASP.

Yaani shirika la serikali lilitoa riwaya ya kuusifu mgomo, katika nchi ambayo mgomo ulikuwa umefungiwa mlango. Mgomo uliruhusiwa kuwa historia. Riwaya inasaidia kufanya hivyo bila kukusudia, kwa sababu inauweka mgomo kama ngazi ya kuelekea ukombozi. Ukishafika juu, ngazi ya nini tena?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoanza hadithi ya kuporomoka kwa vyama kwenye miaka ya 1990. Wanachama wa NUTA walikuwa wengi kwenye daftari. Ada ilikatwa kabla mtu hajaushika mshahara wake. Lakini mtu anayekatwa ada na chama ambacho viongozi wake wakuu hawachagui yeye ni mlipaji tu. Ubinafsishaji ulipokuja ulikuta gogo ambalo mchwa walikuwa wameshalila ndani. Vyama huru vilirudi baadaye, lakini mazoea ya kudai pamoja yalikuwa yamekatika.

Matokeo yake nayaona hata kwenye fasihi. Riwaya nyingi za Kiswahili ninazosoma sasa zimejaa maskini, ila hazina mkutano. Mhusika anafukuzwa kazi, anakwenda kwa mganga, kwa mchungaji, kwa mjomba mwenye cheo, au anaondoka nchini. Haendi kwa wenzake. Siwalaumu waandishi, wanaandika wanachokiona. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Afrika wako katika ajira isiyo rasmi. Dereva anayepokea safari kwenye simu ni kuli aliyeletewa geti la bandari kiganjani: akiwasha simu ana kazi, akizimiwa akaunti hana, na hajui amlalamikie nani.

Utaniambia tofauti ni kubwa. Ni kweli. Makuli walikutana kwenye geti moja, wakaonana nyuso. Lakini nenda kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Dar. Kuna mwenyekiti, kuna daftari la michango, na mwenzao akipata ajali au msiba pesa inachangwa siku hiyo hiyo. Watu wameshakutana. Kijiwe kinajua kumzika mtu wake kwa heshima. Hakijazoea kukaa chini na mwenye programu na kumwambia makato haya hatuyataki.

Kuli inastahili kusomwa hapo kijiweni, mbali na chumba cha mtihani. Nataka kusikia dereva atasema nini akifika mahali makuli wanapokubaliana kwamba kesho hakuna atakayebeba mzigo.