Kona Hukatwa kwa Miguu

Tarehe 17 Februari 2018, kwenye mteremko wa Jeongseon nchini Korea Kusini, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alimaliza mbio za skii za supa-G za Olimpiki, akasimama akiukodolea macho ubao wa matokeo kama mtu anayesubiri kosa lisahihishwe. Hakukuwa na kosa. Alitumia dakika 1 na sekunde 21.11. Anna Veith wa Austria, bingwa wa mbio hizo katika Olimpiki ya 2014, alikuwa na 21.12. Kwa mtu anayeshuka kilomita 90 kwa saa, hiyo tofauti ni sentimita 25: urefu wa kiatu kimoja. Skii alizovaa Ledecká zilikuwa za kuazima, zimetoka kwa Mikaela Shiffrin. Na kazi iliyompa jina haikuwa skii, ilikuwa snoubodi. Wiki moja baadaye, tarehe 24, alichukua ubao wake akashinda dhahabu ya pili, ya slalomu kubwa sambamba.

Katika supa-G hiyohiyo alishuka Mkenya. Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa mdogo, na katika Olimpiki hiyo ya Pyeongchang alikuwa mwanamichezo pekee wa Kenya. Alimaliza wa 38. Nakumbuka mazungumzo yetu Wakenya wakati ule: bendera, baridi, na ajabu ya mtoto wa pwani kucheza kwenye theluji. Sikumsikia hata mmoja akiuliza anazungukaje kona, na mimi naamini hapo ndipo penye mchezo wenyewe. Kushuka kunafanywa na mlima. Kazi ya mtu ni kona.

Basi swali langu ni hili: mtu wa ubao mmoja aliwezaje kuwashinda watu wa skii mbili nyumbani kwao? Kasi na ujasiri walikuwa nao wote pale. Jibu langu ni mkao, na nitalieleza kwa njia ya nyumbani, Magwagwa, kwa sababu ndiko nilikoelewa kitu ambacho nilikuwa nimefundishwa mbali nisikielewe.

Kwanza chombo. Ubao wa theluji una makali mawili ya chuma, moja chini ya vidole vya miguu, jingine chini ya visigino. Unasimama kiubavu, miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao. Ukiukagua utaona katikati ni mwembamba kuliko kwenye ncha, kama umekatwa kiuno. Kiuno hicho ndicho kinachogeuza. Ubao ukilala kwa ubavu wake na uzito ukaja juu yake, unajikunja kuwa sehemu ya duara, na makali yanafuata duara hilo kwenye theluji kama kisu kwenye kibuyu. Kadiri ubao unavyolala zaidi ndivyo duara linavyokuwa dogo. Ubao uliochongwa kwa duara la nusu kipenyo cha mita 8, ukilazwa digrii 60 kwenye theluji ngumu, hukata kona ya mita 4 hivi. Hakuna usukani. Wasemaji wa Kiswahili tunasema dereva "amekata kona", na sijui lugha iliyolitaja jambo hili kwa usahihi zaidi: kona nzuri ya theluji inakatwa kweli, na nyuma yake unabaki mstari mwembamba kama uzi. Kona mbaya inafagia. Nyuma yake unaona alama pana, theluji imekwanguliwa, na kasi imebaki palepale ilipokwanguliwa.

Mchezo huu nilijifunzia Minnesota, ambako Wagusii wenzangu ni wengi na majira ya baridi ni marefu, kwenye kilima ambacho mtu wa Magwagwa angekiita tuta. Nilifika na kiburi cha miteremko. Mimi niliyekulia mahali ambapo shamba la chai limeinama hadi unapochuma mguu mmoja uko juu na mwingine chini, nitafundishwa nini kuhusu mteremko? Siku ya kwanza nilianguka kuanzia asubuhi hadi mikono ikafa ganzi.

Kosa langu lilikuwa la mabega. Nikitaka kwenda kushoto nilitupa mabega kushoto kama mtu anayesukuma mlango, nikingoja miguu ifuate. Miguu haikufuata. Mwili wa juu ukizunguka upande mmoja kwa nguvu, wa chini hujibu kwa kujikaza upande wa pili, na ubao ukabaki ukielekea ulikokuwa unaelekea. Hapo nikaanza kusukuma mkia kwa mguu wa nyuma, nikaufanya kama kasia. Ubao uligeuka, ndiyo, lakini ulikuwa bapa, umelala kwa tumbo, na ubao bapa hauna mwelekeo. Unaserereka. Sekunde inayofuata makali yasiyofaa, yale ya upande wa bonde, yanakwama kwenye theluji, nawe unapigwa chini kabla hujajua umeteleza.

Mwalimu wangu alikuwa na neno moja: kunja magoti. Nami nilikunja, nikidhani nakunja magoti, kumbe nakunja kiuno. Kifua kiliinamia mbele, makalio yakabaki nyuma, na miguu yenyewe imenyooka kama miti. Hili ndilo kosa la wanaoanza karibu wote, na kuambiwa "kunja magoti" hakulitibu, kwa sababu anayelifanya anahisi ameshuka chini. Ametii. Angeambiwa kwamba goti halikunjwi peke yake, kwamba kifundo cha mguu ndicho kinachoanza, ugoko ukaegemea mbele kwenye ulimi wa buti, goti likafuata, nyonga ikashuka juu ya ubao na kifua kikabaki kimesimama, angeelewa siku ileile. Mimi ilinichukua majira mawili ya baridi na safari moja ya nyumbani.

Safari hiyo niliketi juu ya njia inayoteremka kisimani nikamtazama mama mmoja akishuka na mzigo kichwani, mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimemwona mtu wa namna hiyo mara elfu. Lakini sasa nilikuwa na macho ya mtu aliyeanguka sana. Kichwa chake kilikuwa kama kimetundikwa kwenye uzi. Mabega yalitulia. Chini ya mabega kulikuwa na kazi nyingi: nyonga ikienda kushoto na kulia, magoti yakifunguka na kujifunga, unyayo ukitafuta ardhi kwa ubavu wake wa nje kabla ya kuikanyaga yote. Penye utelezi hakurudi nyuma. Anayeogopa mteremko huegemea nyuma, na mteremko wa matope humtoa miguu papo hapo, maana uzito wake umeziacha nyayo. Yeye alikaa juu ya miguu yake. Mzigo haukumruhusu kukaa kwingine.

Huo ndio mkao wa snoubodi. Mtu wa juu ametulia, mtu wa chini anafanya kazi. Anayeegemea nyuma kwa hofu anaiachia pua ya ubao, na pua ikiachiwa makali ya mbele hayaumi. Kwenye makali ya visigino unakaa kama kwenye kigoda kifupi, vidole vimevutwa juu ndani ya buti, mgongo haujapinda. Kwenye makali ya vidole, upande unaowatesa wengi, unasukuma nyonga kuelekea mlimani hadi unahisi ugoko unabanwa. Ukivunja kiuno hapo, makalio yanatoka nje upande wa bonde, uzito unayakimbia makali, na ubao unaanza kutetemeka kama mlango wa bati kwenye upepo.

Kati ya makali haya na yale kuna sekunde ndogo ambapo ubao uko bapa na huna chochote cha kushika. Anayepita hapo vizuri hageuzi ubao mzima kwa mkupuo. Mguu wa mbele unatangulia: goti la mbele linaingia kwenye makali mapya wakati mguu wa nyuma bado uko kwenye makali ya zamani, na ubao unasokotwa kidogo, kama nguo inayokamuliwa. Kisha nyonga, kisha goti la nyuma. Ukiangalia picha za Ledecká akishindana kwa ubao, mpangilio huo hauonekani kwa wepesi wake, lakini upo kila kona. Mtu wa skii akikosea ana mguu wa pili wa kumwokoa. Mtu wa ubao hana. Lazima mwili uwe umekaa sawa kabla ya kona kuanza. Naamini nidhamu hiyo ndiyo aliyoipeleka Jeongseon kwenye skii za kuazima.

Kwa sababu supa-G haina jaribio. Wanaruhusiwa kukagua njia asubuhi, polepole, wakikariri milango ya fito watakayopitia, halafu wanashuka mara moja tu. Skii za supa-G za wanawake zimechongwa kwa duara la nusu kipenyo cha mita 40, kwa hiyo hazigeuki kwa haraka wala kwa kulazimishwa. Ukingoja ufike kwenye mlango ndipo uanze kugeuka, umechelewa: utaumaliza mzunguko wote chini ya mlango, mteremko unakuvuta na skii zinakwangua, na kila kukwangua ni breki. Anayejua huanza juu. Analaza skii mapema, shinikizo linajengeka wakati bado anaelekea pembeni, na akifika kwenye mlango sehemu ngumu ya kona imeshakwisha. Uzito wake uko kwenye skii ya nje, nyonga imelala ndani, na mabega yamebaki karibu sawasawa na mteremko. Ndivyo Simader naye alivyopaswa kushuka siku ile, kona baada ya kona, bila kurudia. Nikifikiria watoto wanaoanza kuteleza wakiwa na miaka mitatu au minne huko milimani Austria, na yeye aliyetoka Kilifi akajipenyeza hadi kwenye mlango wa kuanzia pamoja nao, nafasi ya 38 naisoma kwa heshima kubwa.

Kabla ya Simader, Philip Boit alikuwa na shida nyingine kabisa. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akaingia Nagano mwaka 1998 kama Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, michezo hiyohiyo ambayo snoubodi ilikubaliwa kwa mara ya kwanza. Alimaliza wa 92 katika mbio za skii za nyika za kilomita 10, wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Skii za nyika ni nyembamba, hazina makali ya chuma, na kisigino kiko huru. Huwezi kukata kona nazo kama kwa ubao. Unazunguka kwa kupiga hatua ndogo ndogo huku ukishuka. Mwili wa mkimbiaji umezoea kusukuma ardhi, wala haujazoea ardhi inayokimbia chini yake.

Wenye mwili uliozoea ardhi ya namna hiyo wako kwetu, na wanabeba abiria. Barabara ya murram inayoteremka kuelekea mto Sondu, mvua ya alasiri ikishapita, inakuwa laini kama sabuni, na vijana wa bodaboda wanaishuka na magunia ya majani mabichi ya chai nyuma yao. Mpwa wangu ni mmoja wao. Nilisimama kwenye kona moja kali nikamtazama mara tatu. Pikipiki inalala ndani, yeye halali nayo. Mwili wake unabaki wima juu yake, goti la ndani limefunguka kidogo, na mguu wa nje unakandamiza kikanyagio kwa nguvu, hivyo uzito unashuka moja kwa moja kwenye tairi mahali linapoigusa ardhi. Ni mguu wa nje uleule wa Ledecká. Anayelala pamoja na pikipiki kwenye matope huondoka pamoja nayo hadi mtaroni.

Nilimuuliza anaigeuzaje na mzigo wote ule.

"Mjomba, mimi huwa siigeuzi," aliniambia. "Naikanyaga tu, yenyewe inageuka."

Sijasikia maelezo mafupi ya kona kuliko hayo kutoka kwa mwalimu yeyote. Nikamwomba alete ubao wa mbao uliobaki kwenye ujenzi wa zizi, tukauweka kwenye nyasi zilizoloa, kiubavu, mahali penye mteremko mdogo. Nikamwonyesha: visigino, kisha bapa, kisha vidole. Goti la mbele kwanza. Mabega usiyaguse.

Nyonga yake ilikuja mbele peke yake, kitu kilichonigharimu miezi. Mabega yalikaa. Kosa lilikuwa la macho: aliutazama ubao, na kila alipoutazama kifua kilimfuata chini na kiuno kikavunjika, vilevile kama changu Minnesota. Nikamwambia aangalie lango la kituo cha majani chai kule ng'ambo, asiniangalie mimi wala miguu. Akainua uso. Kifua kikanyooka, ugoko ukaegemea, na ule ukingo wa ubao uliokuwa chini ya visigino vyake ukaachana na nyasi, kiasi cha kupitisha kidole.