Mtoto wa Kiti cha Nyuma: "Hit the Road" Ikitazamwa kutoka Kyerwa

Filamu ya kwanza ndefu ya Panah Panahi, iliyotoka mwaka 2021, inajulikana duniani kwa jina la Kiingereza, Hit the Road. Kwa Kiajemi inaitwa Jaddeh Khaki, yaani barabara ya vumbi. Kwa msomaji wa Karagwe au Kyerwa, jina hilo la pili halihitaji maelezo. Ukishatoka Omurushaka kuelekea Nkwenda, Isingiro, Kaisho mpaka Murongo, unajua vumbi linavyoingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa, na unajua pia kwamba barabara ile haiishii sokoni tu. Inaishia mpakani.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Familia ya watu wanne inasafiri kwa gari kaskazini-magharibi mwa Iran. Kaka mkubwa anaendesha na hasemi sana. Mama yuko mbele, anacheka, anaimba, halafu anageukia dirishani ili asionekane. Nyuma yuko baba, mguu umefungwa hogo, na pembeni yake mtoto wa kiume wa miaka sita hivi ambaye hanyamazi hata dakika moja. Amechora vitufe vya piano kwenye hogo la baba na anavipiga kama vile vinatoa sauti. Kuna pia mbwa mgonjwa. Mtoto haambiwi kwamba mbwa anakufa. Haambiwi pia kwamba kaka yake anapelekwa mpaka wa Uturuki, avushwe kwa siri, na kwamba huenda wasionane tena. Anachoambiwa ni kwamba kaka anakwenda kuoa.

Wahakiki wengi wameisifu kwa ucheshi wake, na ilipata tuzo ya filamu bora kwenye tamasha la London mwaka huohuo. Ucheshi upo kweli, utacheka. Lakini mimi naona filamu hii inahusu uongo anaoambiwa mtoto safarini. Na swali lake ni gumu kuliko linavyoonekana: uongo ule unamlinda nani hasa?

Hapa kwetu swali hilo si la sinema. Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Karagwe, na imepakana na Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine, Mto Kagera ukiwa katikati. Mwaka 1994 familia za Wanyarwanda zilivuka zikiwa na watoto mgongoni. Mwaka 2013 safari ikageuka: serikali iliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke, ikafuata Operesheni Kimbunga, na zikatokea nyumba ambazo mmoja ana karatasi na mwenzake hana. Mtu mzima akifunga mizigo usiku, mtoto akiamka na kuuliza, unamwambia nini? Wengi wetu tunalijua jibu: tunakwenda kumsalimia bibi.

Huo ni uongo wa aina ya kwanza, wa kumbebea mtoto mzigo asioweza kuubeba. Lakini upo wa aina ya pili. Wapo mabinti wa huku waliopandishwa basi la kwenda Mwanza au Dar wakiambiwa wanakwenda kusoma kwa shangazi, na walipofika walikuta shule yao ni jiko na mtoto wa watu mgongoni. Uongo huu haumpunguzii mtoto mzigo. Unamtwisha.

Ukali wa Panahi ni kwamba anaonyesha jinsi wa kwanza unavyoweza kuteleza ukawa wa pili, hata katika nyumba yenye upendo. Mtazame vizuri yule mtoto. Kila gari linapokuwa kimya, yeye anapiga kelele. Kila mama anapokaribia kulia, yeye anaanzisha vurugu. Baba anamtania, mama anamgombeza, na ugomvi huo unawapa wote nafasi ya kupumua. Kwa maneno mengine, mtoto asiyejua kitu ndiye amepewa kazi ngumu kuliko wote: kuwazuia wakubwa wasivunjike. Hakuna aliyemwomba, hakuna atakayemshukuru. Hebu fikiria ni watoto wangapi wa huku wamefanya kazi hiyo kwenye haisi, wakiimba nyimbo za shule huku mama akijifuta macho kwa kanga.

Lugha nayo inatupa njia ya kuingia. Kiswahili kilichota maneno kutoka Kiajemi, na mawili kati yake ni dirisha na serikali. Ukiitazama filamu hii ukiwa nayo kichwani, utaona karibu kila kitu kinapitia dirisha la gari, na serikali haionyeshi uso hata mara moja. Hatuambiwi kaka alikosa nini. Tunasikia tu habari ya dhamana na mali iliyokwenda. Simu imekatazwa, na mtoto akikutwa ameingia nayo kwa siri, mama anaizika ardhini. Wanaliangalia kila gari la nyuma kama limetumwa. Panahi hana haja ya kueleza. Baba yake mzazi, mwongozaji Jafar Panahi, alipigwa marufuku ya miaka 20 kutengeneza filamu mwaka 2010. Lakini kunyamaza huko kuna faida nyingine: kunaiacha hadithi wazi, na mtu wa Murongo anaweza kuingia na sababu zake mwenyewe.

Tukio la kuagana ndilo kilele, na limepigwa kwa mbali sana. Watu ni vivuli vidogo chini ya kilima, sauti tu ndizo zinatufikia. Nimesikia wanaolalamika kwamba tumenyimwa nyuso wakati tunazihitaji zaidi. Mimi naona ni adabu. Kwetu pia mzazi anayeagana na mtoto asiyejua kama atarudi hukodolewi macho. Unasogea pembeni, unajifanya unakagua tairi.

Ninapogombana na filamu hii ni kwa kaka mkubwa. Amefanywa bubu mno. Tunaombolezewa mtu ambaye hatukupewa nafasi ya kumjua, na machozi ya mama yanabaki yakimfanyia kazi. Tena pale maumivu yanapotukaza, mwongozaji anakimbilia wimbo, au anampaisha baba na mwana angani kati ya nyota. Ni pazuri kutazama, ila mara nyingine uzuri ule ni peremende anayopewa mtazamaji ili anyamaze. Panahi anatufanyia sisi kile ambacho wazazi wale wanamfanyia mtoto.

Ukanda huu wa ziwa una riwaya kubwa ya Aniceti Kitereza, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, ambayo jina lake linawataja baba, mama na watoto wao wawili, Ntulanalwo na Bulihwali. Humo mna safari tele za kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na mtoto ndiye anayetafutwa kwa udi na uvumba. Sijakutana bado na riwaya ya Kiswahili inayomweka mtoto wa mpakani kiti cha nyuma na kuusikiliza upande wake wa safari. Waandishi wa Karagwe na Kyerwa mnayo malighafi hiyo mlangoni. Ichukueni.

Filamu ina dakika 93, na nakala nyingi zina maandishi ya Kiingereza chini, kwa hiyo vibanda umiza vitaikwepa mpaka apatikane mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili. Ukiipata, itazame na watoto wakubwa kidogo. Usiizime haraka ikiisha, maana watauliza kaka amekwenda wapi. Wajibu ukweli.