Mtoto Anayebaki Nje ya Ushuhuda

Katika fasihi ya dunia, Thika imefahamika hasa kwa utoto wa binti wa walowezi, alioueleza Elspeth Huxley katika The Flame Trees of Thika (1959). Ruiru nayo hutajwa na wataalamu wa kilimo kuliko waandishi, kwa ajili ya aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11. Je, utoto wa waliolelewa katika kambi za vibarua wa mashamba ya sehemu hizo tuutafute wapi? Aghalabu tutausikia kanisani, muumini asimamapo kutoa ushuhuda. Makala haya yanauchukulia ushuhuda kuwa utanzu wa fasihi simulizi, na kuuliza: mtoto anayetajwa mwanzoni mwake huishia wapi?

Utanzu huu ulipata nguvu kutokana na Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mnamo 1937. Muundo wake ni wa sehemu tatu: maisha ya giza, siku ya wokovu, na maisha mapya. Ubora wake haupingiki. Humruhusu mtu kuyataja hadharani mapigo ya baba yake, jambo ambalo kwingineko lingehesabiwa kuwa utovu wa adabu. Hata hivyo, muundo huohuo una kasoro. Giza hupimwa kwa nuru inayofuata, hivyo mtoto hugeuzwa ngazi ya kumpandishia mtu mzima. Baba mlevi huletwa kama mwenye dhambi tu. Haulizwi alilipwa ujira gani, wala alilima shamba la nani. Msamaha hutangulia maelezo.

Tuufuate mto Thika kuelekea Yatta hadi Ndalani, kwenye makao ya watoto yaliyoanzishwa na Charles Mulli. Maisha yake yamesimuliwa na Paul Boge, Mkanada, katika wasifu Father to the Fatherless (2005). Mulli, aliyezaliwa mwaka 1949, alikuwa na baba mlevi aliyempiga mama yake. Akiwa na umri wa miaka sita aliachwa na jamaa zake, akaishi kwa kuomba. Ujanani, alipokuwa amekata tamaa hata ya kuishi, alimpokea Kristo. Baadaye akatajirika kwa biashara ya usafiri huko Eldoret. Kwa kanuni za utanzu huu, kisa kingekoma hapo: yatima wa jana amekuwa tajiri, na Mungu ametukuzwa.

Lakini hakikomi. Siku moja jijini Nairobi vijana wa mitaani walitaka awape fedha walilinde gari lake. Akakataa, na gari likaibwa. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kilele halisi cha simulizi. Mtu aliyekwisha kuokoka anakutana na utoto wake mwenyewe barabarani na hautambui. Wokovu ulikuwa umeliponya jeraha lake bila kumfundisha kulitambua jeraha hilohilo kwa mwingine. Mwaka 1989 aliachana na biashara akaanza kuwalea watoto wa mitaani. Hapo ndipo mtoto wa sehemu ya kwanza anaporudi, naye anarudi akiwa wengi.

Haina maana kwamba wasifu huu hauna upungufu. Ushuhuda ni wa nafsi ya kwanza. Hapa umepita katika kalamu ya mgeni na katika Kiingereza, na tunaikosa sauti ya msimulizi mbele ya hadhira inayomjua. Hata hivyo unatupa kigezo cha kuhakikia shuhuda za Ruiru na Thika. Tusiulize tu kama msimulizi ameshinda, kwani kila ushuhuda hukiri ushindi. Tuulize kama, baada ya wokovu, yule mtoto aliyepigwa bado anaonekana, na kama msimulizi angemtambua leo akimkuta mlangoni pa kanisa ibada inapokwisha.